Nyuma ya Kinanda

Fundi cherehani ndiye aliyeshona majoho ya kwaya nzima, na la kwake pia, ingawa hakuna muumini aliyewahi kuliona. Kanisa lile lilikuwa la Wazungu. Weusi walikuwa yeye na mama yake, basi. Alipojiunga, mwalimu wa kwaya aliisikiliza sauti yake, akafuta machozi, kisha akamwonyesha pa kusimama: nyuma ya kinanda kikubwa cha mabomba, kati ya mabomba hayo na ukuta. Sauti kama ile, alisema, hupendeza ikitokea mbali.

"Kila Jumapili nasikia mwanangu anaimba, nikitazama naona mabomba," mama yake alikuwa akimtania. "Hivi nilizaa kinanda?"

Sasa mzaha ulikuwa umekwisha. Macho ya mama yalikuwa yanafifia, na daktari alishasema hayana dawa. Alitaka jambo moja tu: amwone binti yake akiimba kabla giza halijaingia.

Fundi akamwendea mwalimu wa kwaya. "Jumapili moja tu, mwalimu. Nisimame mbele na wenzangu."

"Dada yangu, sisi sote ni mwili mmoja katika Kristo," alijibu, tena kwa upole wa kweli. "Ila macho ya watu yana mazoea yake. Tusiwakwaze walio dhaifu wa imani."

Siku ya mazoezi alirudi mahali pake. Mbao za sakafu hapo zilikuwa zimelika kwa nyayo za watu waliomtangulia, ambao hakuna aliyewahi kumtajia. Katikati ya ubeti akapaliwa na vumbi, akakohoa, akanyamaza. Wimbo haukunyamaza. Sauti ileile, yake, iliendelea kando ya sikio lake hadi mwisho wa ubeti, na shingoni akahisi mtu anavuta pumzi ya kuanza mwingine.

"Leo pumzi zako zimetulia kweli!" mwalimu alimsifu kutoka upande wa pili.

Hakumwambia mtu. Angeanzia wapi?

Jumapili, ubeti wa pili ulipoanza, alitoka. Alizunguka kinanda huku akiimba, akasimama mbele ya nyuso zilizoganda, joho limenyooka. Kinywa kilikuwa wazi, koo linafanya kazi, lakini sauti haikuja naye. Ilibaki kulekule nyuma, tamu, haina haraka. Akafumba kinywa. Wimbo ukaendelea.

Akashuka hadi benchi la mwisho, akaketi na mama yake. Mama akamkazia macho yale yaliyochoka.

"Nimekuona," alisema. "Umependeza. Sasa huyo anayeimba ni nani?"

"Sijui, mama. Nadhani si mmoja."

"Waache. Si walitaka sauti isiyo na mtu? Wamepewa."

Wimbo ulifika mwisho, ukaanza upya. Mpiga kinanda aliinua mikono, haukukoma. Mchungaji alinyanyua mkono kutoa baraka, akaushusha. Mwalimu wa kwaya alipiga hatua kuelekea nyuma ya mabomba, akasita, akageuka.

"Dada," aliita. "Njoo usimame hapa mbele. Tafadhali."

"Mama ameshaniona, mwalimu," alijibu. Akamshika mama yake mkono wakatoka, na nyuma yao ubeti wa kwanza ukaanza tena.