Taa Mbili, Pumzi Moja

Kipimio kiliandika hakuna hitilafu, na Mama Waya, fundi wa umeme wa magari, hakukiamini.

Alikuwa amekaa kiti cha dereva, mguu mmoja nje, kipimio mapajani, waya wake umechomekwa chini ya usukani. Gari la miaka kumi na minne halina msimbo hata mmoja wa hitilafu? Ni kama mzee anayeapa hajawahi kukohoa. Mtu alikuwa ameifuta misimbo yote, na si zamani. Boneti ilikuwa bado ya moto, ilhali muuzaji alisema gari limelala tangu juzi.

Muuzaji, mtanashati mwenye funguo nyingi kiunoni, alikuwa akimsifia mdogo wake Mama Waya viti vilivyosuguliwa. Mdogo mtu ndiye mnunuzi. Jumatatu alitaka kuanza kubeba watoto wa shule, na wazazi alishawaahidi. Alisubiri neno moja tu la dada yake.

"Shemeji, mashine imeshasema," muuzaji aliita. "Au unaipima mpaka iugue?"

 Mama Waya akafungua swichi, taa zote za dashibodi zikawaka. Akawasha injini. Taa ya oili na taa ya breki zikazimika pamoja, kwa pumzi moja. Akarudia mara tatu. Akaiita kompyuta ya breki kwa kipimio. Kimya.

Akamweleza mdogo wake, kwa sauti ya kusikika, kwamba breki zina ugonjwa, na kuna fundi kaiunga taa ya breki kwenye waya wa taa ya oili ili isiumbue. Fundi asiye na haya, alisema. Muuzaji akaapa kwamba yeye mwenyewe alilinunua hivyo hivyo. Mdogo mtu akamtazama kwa jicho la pembeni.

Mama Waya akafungua kifuniko cha chini ya usukani, akavuta nyaya, akabandua utepe mweusi kwenye kiungo.

Chini ya utepe kulikuwa na uzi wa kushonea, wa kijani. Mizunguko saba, ncha imefichwa ndani.

Uzi huo aliujua. Hakuna fundi mwingine zaidi yake aliyefunga hivyo. Marehemu mama yao, mshonaji, ndiye aliyewafundisha. Gari lilikuwa jeupe wakati ule, kabla ya kupakwa rangi hii. Mteja mwenye haraka alimwambia: kipuri kinakuja wiki ijayo, nizimie taa tu kwa sasa. Mama Waya akamzimia. Mteja hakurudi.

"Dada, kuna nini?" Mdogo wake alikuwa ameinama mlangoni.

Mama Waya aliufunika uzi kwa kiganja. Utepe ulikuwa bado unanata. Ungerudi mahali pake bila shida.

"Nipe mkasi," akasema mwishowe, na kiganja akakiondoa.

Akakata fundo, akaufungua uzi mzunguko kwa mzunguko, akauacha udondoke. Akatenganisha nyaya, akarudisha ile ya breki mahali pake, akawasha injini. Taa ya oili ikazimika. Ya breki ikabaki, nyekundu.

Muuzaji alianza kusema kitu. Hakuna aliyemsikiliza. Mdogo mtu alikuwa ameokota uzi, na sasa aliuzungusha kwenye kidole chake, polepole, midomo ikihesabu.