Peso Mia Mbili za Kuondokea

Leonila alikuwa ameshapimiwa mzigo na kupewa kadi ya kupandia ndege, ndipo askari wa mlangoni akamnyooshea mkono kumzuia.

"Karatasi ya ada iko wapi?"

"Ada ya nini tena?"

"Ya uwanja, dada. Peso mia mbili. Dirisha lile pale."

"Si imo kwenye tiketi? Manila imo kwenye tiketi!"

"Manila ni Manila," askari akasema. "Hapa unalipa taslimu, unapewa karatasi, unanionyesha, unapita. Bila karatasi hupiti hata kama una mabawa yako mwenyewe."

Lo! Ndivyo walivyo watu wa visiwani wakishahamia Manila. Wanasahau kwamba viwanja vidogo bado vinataka noti ya mkononi, na Leonila noti hakuwa nayo. Alikuwa na pesa ndani ya simu, na dirishani pesa za simu hazipokelewi. Mashine ya benki nje ilikuwa mbovu. Noti yake ya mwisho ilimtoka alfajiri kituo cha basi, aliposhuka basi la usiku kutoka Manila akanunua mikate ya kupeleka nyumbani, maana kwao mtu harudi mikono mitupu hata kama anarudi kuzika.

Na kuzika ndiko alikokuwa anakwenda. Mama yake, Consorcia, alikuwa amelala ndani ya jeneza sebuleni, huko kisiwani kwao Batanes, siku ya nane sasa. Maziko saa tisa alasiri. Ndege ni moja tu, ya saa mbili asubuhi, na bahari ya Desemba haina mzaha, boti hazivuki. Akiikosa ndege, kifuniko kitapigwa misumari kabla hajamwona mama yake uso. Kaka yake alishamwambia kwenye simu: "Padri hangoji tena, Nila. Tumeshamngojesha mara mbili."

Akarudi dirishani. "Mdogo wangu, nipe hiyo karatasi. Nitakuletea pesa nikirudi, haki ya Mungu."

"Dada, wanaoniahidi hivyo ni wengi," binti wa dirishani akajibu bila kuinua macho. "Wote mpaka leo hawajarudi. Anayefuata!"

Sasa usiseme hakuwa na pesa kabisa. Mkobani mlikuwa na bahasha nene ya rambirambi, peso elfu sita na mia nne, mchango wa watu wa kwao walioko Manila, kila mmoja na jina lake nje. Aliitoa. Akaitazama. Akairudisha. Rambirambi haziguswi njiani. Ukizila kabla hazijafika msibani unaita msiba wa pili, na huo hauchagui mlango. Kwao kila mtu analijua hilo, hata wale wanaojifanya wamesoma sana.

Basi si aombe? Utasema wewe. Omba wewe, mbele ya foleni ya watu wa kisiwa chako, ambao kabla ya jua kuzama watakuwa wameshaeneza kwamba binti wa Consorcia karudi kutoka Manila hana hata nauli ya kumfikisha mlangoni! Leonila alikwenda mlangoni, akarudi dirishani, akaenda kutazama saa, akarudi tena. Kipaza sauti kikaita abiria wa Batanes. Jasho likamtoka, na asubuhi ile ilikuwa na baridi.

"Binti wa Consorcia. Utatoboa sakafu."

Akageuka. Alikuwa Nana Purisima, maana mwanamke wa rika la mama yako humtaji jina kavukavu, hata kama mama yako mwenyewe hakumtaja kabisa. Wawili hao walikuwa majirani na mashoga tangu utotoni, mpaka mwaka wa kimbunga kikubwa. Kijiji kizima kilikuja kuezeka upya paa la Consorcia. Purisima peke yake hakuonekana. Paa la mwenzako huliachi, hata uwe na nini. Consorcia hakumsalimu tena, na Purisima akahamia bara kwa mwanawe. Miaka kumi na mmoja.

"Unakwenda wapi, Nana?"

"Kuna ndege ya pengine hapa?" Kikongwe akasogea dirishani, akaweka noti nne za mia mia. "Za watu wawili." Akampa Leonila karatasi moja. "Usinishukuru, na usinirudishie. Nataka uniingize ndani kwenu, basi. Ukinishika mkono wewe, hakuna atakayenifukuza."

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, wanasema. Hawakusema ufanyeje akikufaa mtu ambaye mama yako kafa amemnunia. Leonila angeweza kunyamaza, akapanda ndege. Moyo ukamkatalia.

"Nana, kuna neno. Mama alilisema wiki ile ya mwisho, sauti ishamwisha. Alisema, Purisima asinililie." Akamrudishia karatasi. "Ichukue. Siwezi kupita kwa pesa yako nikiwa nimekuficha."

Purisima hakuipokea. Kipaza sauti kikaita mara ya mwisho.

"Siku ile ya paa nilikuja," akasema. "Ng'ombe wangu alikuwa anazaa vibaya, nikachelewa. Nilipofika kwenye ukuta wenu wa mawe, paa limeshaisha, mnakula. Nikaona haya kukaa kwenye chakula nisichokitolea jasho. Nikarudi nyumbani."

"Kwa nini hukusema?"

"Angeniuliza, ningesema. Hakuuliza. Nami kiburi changu unakijua."

"Jamani!" askari akafoka. "Mnapita au hampiti?"

"Kasema nisimlilie," Purisima akasema.

"Ndiyo, Nana."

"Hakusema nisije."

"Hapana. Hilo hakulisema."

"Basi neno lake nitalishika." Kikongwe akaketi kwenye benchi la karibu, akavua miwani, akaangua kilio palepale mbele ya foleni nzima, kilio cha kumwita shoga yake kwa jina la utotoni. "Niache nimalize hapahapa," akasema katikati ya kwikwi. "Kule nitakaa naye kimya."

Nje pangaboi za ndege zilikuwa zimeanza kuzunguka. Askari akawatazama, akainua redio yake. "Wawili wanakuja," akasema. "Wasubirini kidogo."

Leonila, ambaye tangu alfajiri hakuwa ametulia hata dakika moja, akaketi kando ya Nana Purisima, akasubiri amalize.