Hakufa kwa Dhambi

Katika jeshi la waasi la Nabii, aliyekufa kwa risasi hakuliliwa. Mafuta matakatifu waliyopakwa wapiganaji yalizuia risasi. Ikikupata, basi ulivunja mwiko, nawe utafukiwa porini kama mbwa, bila dua. Watu waliyameza hayo mpaka siku ilipoletwa kwenye machela maiti ya fundi wa kuchomelea vyuma, mume wa dada yake Nabii, aliyekuwa akigeuza mabomba ya maji kuwa bunduki.

Nabii alisimama kwenye ngazi za ghala la pamba walilolifanya kambi, kanzu nyeupe pe, akawatangazia wapiganaji kwamba hata shemeji yake alikuwa na doa. Doa gani, hakusema. Akaamuru apelekwe porini.

Dada mtu akatoka jikoni, mikono ingali inateleza kwa mafuta. Yeye ndiye aliyechemsha mafuta yale na kuwapaka wanaume kabla ya kila vita. Akasimama kati ya machela na wabebaji, akamwuliza mdogo wake dhambi ya mumewe ni ipi.

"Dada, usinivunjie heshima mbele ya watu."

"Heshima yako nimeifua na nepi zako, baba. Taja dhambi."

Mmoja akacheka, akajitia kukohoa. Nabii akasema labda fundi alipakwa vibaya.

"Nilimpaka mimi, utosini mpaka kisiginoni, hata nyuma ya masikio. Risasi imeingia kifuani, palepale nilipopaka. Ama utaje dhambi yake, ama useme mafuta ni mafuta."

Nabii akashuka ngazi moja, akamnong'oneza: watu wakijua hivyo, nani atakwenda kupigana kesho?

"Mimi," akajibu kwa sauti ya kusikika na wote. "Serikali iliyonichomea nyumba bado ipo. Nitakwenda nikijua risasi inaua, na nitainamisha kichwa ikija."

Kisha akaangua kilio kilichopigwa marufuku, akimwita mumewe kwa majina yote ya mapenzi. Mpiganaji mmoja, ambaye nduguye alifukiwa porini, akaegemeza bunduki ukutani na kuchukua koleo. Wa pili akafuata, kisha safu nzima ikavunjika. Nabii aliwaamuru warudi, hakuna aliyegeuka.

Wakamwuliza mjane wachimbe wapi. Akaonyesha mahali ngazi zinapoanzia, ili kila atakayepanda kuhubiri alizunguke kwanza kaburi la fundi.