Sababu ya Kufutwa kwa Safari

Baba alifariki Alhamisi alfajiri, na maziko yakapangwa kesho yake saa nane mchana. Binti yake mkubwa, fundi cherehani aliyeishi mji wa mbali akishona sare za shule, alikata tiketi ya ndege ya saa mbili asubuhi. Kwa basi ni siku nzima na ushee. Kwa ndege, saa nne angekuwa ameshafika.

Saa mbili ikapita. Saa tatu, ubao ukaandika kwamba ndege imechelewa. Saa tano, dada wa kaunta akashika kipaza sauti: safari imefutwa kwa sababu ya hali mbaya ya hewa.

Abiria wote wakageuka kutazama nje ya kioo. Jua lilikuwa likiwaka kweli kweli.

"Hali ya hewa ya wapi hiyo?" mmoja akauliza. "Ya ofisini kwenu?"

Watu wakacheka kwa hasira. Fundi hakucheka. Alikaa juu ya begi lake, akampigia simu mdogo wake wa kiume.

"Nisubirini hata mpaka kesho."

"Dada, watu wameshafika wote. Mama alipougua ulisema una kazi nyingi. Leo ni ndege."

Akakata simu.

Baba akazikwa. Saa ile fundi alikuwa bado kwenye foleni ya kudai nauli. Nyuma yake alisimama mwalimu mstaafu, ambaye alikuwa amemwona akifuta machozi kwa ncha ya mtandio.

"Mwanangu, kadi ya kupandia ndege usiitupe," alimwambia kwa sauti ya chini. "Nauli watarudisha, hapo hawana ujanja. Lakini kama kosa ni lao, wanatakiwa wakulipe na fidia. Waambie wakuandikie sababu. Maneno ya mdomo hayashikiki."

Fundi aliandika barua. Kampuni ikajibu kwa mistari mitatu: hali ya hewa, hakuna fidia, poleni kwa usumbufu. Mwingine angeishia hapo. Yeye alijikaza, akafunga duka, akaenda ofisi ya malalamiko ya abiria. Walimzungusha njoo kesho, njoo Jumatatu, hadi mara ya nne alipompata ofisa mmoja mpole, aliyefungua kumbukumbu za uwanja na kuzipitia kwa kidole.

"Mama, asubuhi ile ndege nne ziliruka hapo hapo. Anga ilikuwa safi kabisa."

"Basi walinidanganya."

"Hilo watalijibu wao, na kwa maandishi."

Miezi miwili baadaye barua ikaja. Rubani aliyepangiwa safari ile hakuwepo, na kampuni haikuwa na wa kushika nafasi yake. Inakiri kosa, na itamlipa fidia. Fundi aliisoma amesimama, mguu mmoja bado uko kwenye kanyagio la cherehani. Kiasi cha fidia hakukitazama kwanza. Alirudia ule mstari wa rubani, kisha akaipiga picha barua yote na kumtumia mdogo wake.

 Siku ya tatu mdogo wake akapiga simu.

"Dada, nimeisoma," akasema. "Kwa hiyo wanakulipa kwa kutomzika baba."

Maneno yale yalimchoma, lakini hakupandisha sauti.

"Wananilipa kwa kunidanganya. La baba halilipiki."

Fundi alimsikia akivuta pumzi.

"Niliwazuia watu," mdogo wake akasema. "Nilishakukatia simu, lakini nilikwenda kusimama barabarani. Nusu saa nzima. Wazee wakanigombeza. Nikasema labda atatokea. Hukutokea, ndipo hasira ikanishika."

Miezi miwili yote fundi hakuwa amelijua hilo. Alivuta kiti, akakaa.

"Nisimulie ilivyokuwa," akamwambia. "Usiruke hata kitu kimoja."

Akamsimulia. Kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemnyoa baba ndevu kabla ya maziko, kwa sababu mzee hakupenda kuonekana ovyo. Kwamba wembe ulimkwaruza mzee kidevuni, naye bila kufikiri akasema, "Samahani, baba," kana kwamba mzee angemfokea.

Fundi akacheka, kisha akalia, na upande wa pili wa simu mdogo wake naye akalia. Hakuna aliyekata simu.