Diski Mbili za Josie

Bolti ya mwisho ilikataa, na Wilf Garbett akaitukana kama alivyokuwa akiwatukana mabosi enzi za kuwasemea wenzake kiwandani: kwa jina, kwa cheo na kwa ukoo. Akaigonga kwa nyundo, akaigonga tena. Spana ikateleza, ngozi ya vidole ikabaki kwenye mguu wa shokapu, damu ikachirizika hadi kwenye tairi. Hakujisumbua kuifuta. Pikipiki ile ilikwisha kunywa damu ya akina Garbett zamani.

Ilikuwa ya mdogo wake, Arn. Aliinunua ikitoka langoni mwa kiwanda walichofanyia kazi wote wawili, ng'ambo ya mfereji, mahali ambapo leo wanauza mazulia, na alikaa nayo wiki tano tu. Novemba ya mwaka sabini na tano, mvua inanyesha, aliteremka mlima wa Netherton, akabana breki, na breki haikushika. Lori la makaa lilikuwa limesimama mbele yake. Wilf ndiye aliyeitwa kuitambua maiti, na aliitambua kwa viatu.

Diski ya breki ya mbele, sahani ya chuma inayobanwa na pedi, ilikuwa moja, nayo wakubwa wa kiwanda walikuwa wameipaka kromu ili ing'ae kwenye dirisha la duka. Maji yakikaa juu ya kromu, pedi za breki huteleza kama sabuni sakafuni. Kila aliyesimama kwenye mstari wa kuunganishia pikipiki alilijua hilo, na mkubwa kabisa alilijua kuliko wote, ila mkubwa hakuwa akipanda pikipiki. Alikuwa na dereva.

Sasa ilikuwa Jumamosi, na kesho yake pikipiki zote za kiwanda kile zilizobaki hai zingetembea kwa msafara hadi kwenye lile lango. Ya Arn angeiendesha Josie, binti yake, aliyekuwa na miaka minne baba alipozikwa na sasa ana thelathini na miwili. Redio ilikuwa imesema mvua. Wilf alikuwa ameapa: mtoto wa Arn hapandi juu ya diski ile. Alikuwa amepata mguu wa pili wa shokapu, wa kushikilia diski ya pili, kwa muuza vyuma chakavu huko Tipton, akakereza diski mbili mpaka kromu ikaisha na chuma kitupu kikaonekana, akazitoboa matundu ya kutupa maji, akafunga pampu mpya ya breki kwenye usukani. Imebaki bolti moja, na mafuta ya breki.

Josie akaingia kutoka uani kwenye kibanda cha kazi cha Wilf, akavua koti lake. Nyuma yake alikuwepo Basil Tranter.

Wilf hakuhitaji kumtazama usoni. Tranter alikuwa mkuu wa wakaguzi kiwandani, mtu wa mhuri wa kuidhinisha, na kiwanda kilipokufa akahamishia mhuri wake kwenye chama cha wenye pikipiki za zamani. Kanuni ya chama ilikuwa yake: ya kuongoza msafara ni ile iliyo kama ilivyotoka kiwandani, hadi skrubu. Ikiwa na kitu kigeni, ikae nyuma na kufunikwa nembo ya kiwanda. Watu wazima, wenye akili zao, walikuwa waking'oa breki nzuri na kurudisha mbovu ili Tranter awaitikie kwa kichwa.

"Ni mimi niliyemwita, baba mkubwa," Josie alisema. "Nataka ya baba iwe mbele."

Tranter aliinama akazichungulia zile diski mbili kama mtu aliyekuta mgeni kitandani kwake. Kisha akatoa kifurushi ndani ya koti, akakifungua karatasi ya mafuta. Diski mpya, haijawahi kufungwa, kromu inang'aa kama kioo. Alisema ameihifadhi tangu kiwanda kilipofungwa, na anampa Josie bure, kwa heshima ya marehemu.

"Ifunge hii, Garbett, kesho mtoto aongoze," alisema. "Hayo masufuria yako kapikie njegere."

Josie aliipokea kwa mikono miwili. Wilf aliona uso wake ndani ya kromu, na hapo akili ikamtoka.

Aliipokonya, akaibwaga juu ya fuawe, akanyanyua nyundo kubwa. Tranter, pamoja na miaka sabini yake, alimrukia mkono. Nyundo ikaangukia vidole vya Wilf mwenyewe, kidole cha kati kikalia kama kijiti kinachovunjika. Wilf akampiga kichwa cha pua. Tranter akarudi nyuma akiangusha kopo la mafuta, akaokota mguu wa zamani wa shokapu, akamtandika nao shavuni, na Wilf akatema jino. Josie alijitia katikati, akasukumwa ukutani. Kisha Wilf alikuwa amemshika mzee yule koo, amemlaza chali juu ya meza ya kazi, spana zikimchoma mgongo.

"Nani aliigongea mhuri diski ya Arn?" alimuuliza. "Sema mbele ya mtoto. Nani aligonga mhuri?"

"Mimi." Sauti ilitoka imebanwa, pamoja na mapovu ya damu. "Na barua ya diski aliichana nani?"

Wilf akaliachia koo.

"Barua gani?" Josie aliuliza.

Tranter alikaa, akajipangusa pua, akamweleza bila haraka, kwa sababu alikuwa ameingoja siku hiyo. Watu mia mbili wa ule mstari walitia sahihi kwamba diski ya kromu itaua watu, wakamkabidhi Wilf barua aipeleke juu. Wiki hiyohiyo wakubwa walikuwa wamefukuza watu saba kwa kugoma. Wilf akaingia ofisini na barua, akatoka na watu saba wamerudishiwa kazi. Barua ilibaki kwenye pipa la taka, vipande vinne. Tranter alikuwepo, alivihesabu.

"Muulize hao saba walikuwa akina nani," alisema.

"Arn alikuwa wa tano kwenye orodha," alisema Wilf. "Kama ningechagua upya leo, sijui, Josie. Alikuwa na wewe, una miaka minne. Hakukuwa na mkate."

Josie alimpiga ngumi ya mdomo. Wilf hakujikinga. Josie akampiga ya pili, palepale jino lilipotoka, naye Wilf akaenda chini kwa magoti kati ya nati na mafuta yaliyomwagika.

Tranter akacheka kidogo, akaiokota diski yake, akaipangusa kwa mkono wa koti. Alisema yameisha, sasa ifungwe. Josie aliichukua tena. Akaizungusha kwa mkono mmoja na kuibamiza kwenye fremu ya mlango, inchi mbili kutoka sikioni mwa mzee, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka mbao ikapasuka na kromu ikabanduka kama gamba la samaki.

"Toka," alimwambia. "Sitaki nembo yako. Uligonga mhuri, na bado unaigawa."

Tranter alitoka akishika ukuta. Wakabaki wawili, na mvua imeanza juu ya bati.

Wilf alifunga ile bolti kwa mkono wa kushoto, kile kidole kimevimba kama soseji, akamimina kwenye pampu mafuta ya breki yaliyosalia kopoli. Josie akaunganisha bomba la plastiki kwenye skrubu ya kutolea hewa bila kuambiwa, akapanda kitini, akashika mkono wa breki. Kazi hiyo ya kutoa hewa kwenye breki haifanywi na mtu mmoja: mmoja abane, mwingine afungue, afunge, ndipo yule aachie.

"Bana," Wilf alisema. Mapovu yakatoka bombani. "Achia."

Walirudia mara thelathini. Wakahamia diski ya pili, wakarudia.

"Nitakaa mwisho wa msafara," Josie alisema, akitazama ukutani. "Wewe usije langoni kesho. Nikikuona pale nitageuza."

"Sawa. Bana."

Akabana. Safari hii mkono wa breki ulisimama, mgumu, haukusogea hata unene wa ukucha.

"Inashika?" Wilf aliuliza kutoka sakafuni.

Josie aliendelea kubana kwa mikono yote miwili, vidole vimekuwa vyeupe, naye Wilf akangoja palepale na spana yake, kwa sababu hakuambiwa aondoke.