Uchachu wa Asubuhi

Libérate hakuwa mtu wa kubishana na wakubwa zake, na hilo ndilo lililomponza.

Kwenye dirisha la jikoni kwake, Hallonbergen nchini Uswidi, bintiye Felicia alikuwa amepanga vyungu vya mmea wa majani manene, ule unaolika kama mboga. Ilikuwa kazi yake ya mwisho ya sekondari. Bila hiyo hapati cheti. Vyungu vya kushoto vilipewa maji, vya kulia vilinyimwa. Alikwisha kumweleza mama yake hadi akachoka: mmea huu ukiwa na maji hufungua vitundu vya majani yake mchana na kuvuta hewa ukaa. Ukibanwa na kiu hubadili utaratibu. Mchana hujifunga ili maji yasipotee, hufungua usiku, na hewa iliyoingia huiweka kama asidi ya kutumia jua likichomoza. Ndiyo maana jani lenye kiu huwa chachu asubuhi. Libérate alitafuna moja kabla ya kwenda kazini, akakunja uso. Kweli tupu.

Jumapili wakaja wanawake wa kikundi chake cha maombi. Mama Josiane, aliyempokea Libérate na bintiye nyumbani kwake Upplands Väsby walipofika Uswidi hawana mbele wala nyuma, akaona vyungu vya kulia vimenyong'onyea.

"Nyumba ina maji, mimea inakufa," alisema. Akachukua jagi, akavinywesha vyote.

Felicia alikuwa kibaruani, dukani Vällingby. Libérate aliona kila kitu, akaendelea kumimina chai. Unamkatazaje mtu aliyekupisha kitanda chake mwenyewe?

Siku chache baadaye Felicia akachuma asubuhi majani ya vyungu vya kulia, akayasaga, akachovya karatasi ya kupimia asidi. Uchachu ulikuwa umekwisha. Akapima tena na tena, halafu akakaa sakafuni akalia, akidhani ameharibu kazi yake mwenyewe. Hapo Libérate akaumia kweli. Akamwambia yote.

"Varför, mamma? Kwa nini hukumzuia?"

"Ni Mama Josiane."

Felicia akafuta machozi. Akasema mmea ukipata maji hurudia utaratibu wake wa mchana, na hilo ataliandika. Lakini ilibidi aikaushe mimea upya, na muda uliobaki ulitosha jaribio moja tu.

Jumapili iliyofuata Mama Josiane hakungoja hata chai. Alichukua jagi la maji, akaenda moja kwa moja dirishani. Libérate akamfuata, akalishika jagi likiwa bado mkononi mwa mgeni wake.

"Mama, uniwie radhi. Vyungu hivyo vya kulia usivinyweshe. Ni masomo ya mtoto."

Libérate hakuliachia jagi. Mama Josiane akauachia mpini.

"Miaka yote hii napekua makabati yako, nakupangia vyombo nitakavyo, hujawahi kunikataza," alisema. "Nilikuwa najiuliza utahama lini kwangu uhamie kwako."