Mtumaji: Meshack

Wanunuzi wa zabibu walikuwa kimya tangu tuhamie seva mpya, na Bi Sherbanu, mwenye kampuni, alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu.

"Yotham, barua pepe zetu zote zinaishia kwenye barua taka. Wewe ni fundi au mshairi?"

"Vyote viwili, bosi. Na vyote najua."

"Basi leo nioneshe ufundi. Mashairi tutasikia harusini kwako."

Nilifungua kichwa cha barua moja iliyokataliwa. Ilitoka kwenye seva mpya, lakini mahali pa mtumaji paliandikwa Meshack, kwa anwani ya seva ya zamani. Seva za wanunuzi ziliona mambo mawili yasiyolingana, zikaitupa. Meshack, kaka yangu, ndiye aliyepanga hivyo. Alisema wateja hawafungui barua ya ofisi, wanafungua ya mtu wanayemjua. Ajali ya pikipiki barabara ya Chamwino ilimchukua kabla ya mavuno. Matanga tulishaanua, lakini jina lake lilikuwa bado linauza zabibu.

Kabla sijalibadilisha, nilipitia barua zinazojituma zenyewe. Moja ilikwenda kwa Raheli, mkewe, kila asubuhi seva inapowashwa: "Nimefika salama."

Zamani aliiwasha yeye, akifika kazini; tangu azikwe, anayewasha seva ni mimi.

Nikatoka uani nikampigia.

"Shemeji, kuna barua unaipata asubuhi?"

"Mmeiona."

"Niiondoe?"

"Siku ya ajali haikuja, Yotham. Nilijua kabla hamjanipigia simu. Tulipomaliza kuzika, ikaanza kuja tena. Najua ni mashine, sijapata wazimu. Siku hizi inaangukia kwenye taka, naiokota humo ndipo nawaamsha watoto. Usiiguse, shemeji. Nakuomba."

"Sitaigusa."

Barua za wanunuzi nikazipa jina na anwani ya ofisi. Ya Raheli nikaiachia jina la Meshack, chini yake nikaweka anwani mpya isitupwe tena. Kazi ilikuwa imekwisha. Lakini nilitazama yale maneno mawili makavu, nikaona hayamtoshi kaka yangu. Mimi ndiye niliyemghania makaburini hadi wazee wakalia. Nikaandika:

*Nimefika ni salama, mke wangu wa thamani,*
*Usilie tena mama, nakungoja kwa imani.*

Asubuhi niliwasha seva. Wanunuzi wakaanza kujibu, na Bi Sherbanu akaniletea sambusa kwa mkono wake. Kisha Raheli akapiga.

"Umeiona, shemeji?" nikauliza kwa majivuno.

"Nimeiona." Alikuwa analia. "Meshack hakujua vina. Alikuwa akikutania navyo hapa mezani, unakumbuka? Hii ni yako."

"Nairudisha ilivyokuwa. Sasa hivi."

"Utarudisha maneno. Lakini nikiyasoma nitakuona wewe, umekaa kwenye kiti chake."

Akakata. Nilifuta ubeti wangu wote, nikaandika tena "Nimefika salama," nikahakiki hadi nukta.

Kesho yake barua ilitoka, ikarudi papo hapo: anwani ya mpokeaji imefungwa.

Sijaiondoa. Kila asubuhi nawasha seva, Meshack anafika salama, na barua inarudi kwangu.